Nyati wa Mitini

Hapo zamani za kale, zamani ambayo bibi yako hakuwepo na babu yako hakuwepo, kwa hiyo usiende kuwauliza, niulize mimi, wanyama walikuwa wanalima kahawa. Usicheke. Walikuwa na mashamba, na majembe, na ugomvi wa mipaka, kama kwenu tu.

Kijiji chao kiliitwa Mringeni. Kilikuwa mgongoni mwa mlima, pale msitu unapoishia na mashamba yanapoanzia. Ila ungefika pale usingejua msitu umeishia wapi, maana hata mashambani waliacha miti mikubwa imesimama, na mibuni yao ikakaa chini kwenye kivuli, imetulia kama watoto waliojificha chini ya meza ya harusi.

Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Nyati. Katikati yake kulikuwa na mkuyu mnene, mnene kiasi kwamba wewe na ukoo wako wote mkishikana mikono hamuuzunguki, na ukoo wako naujua ulivyo mkubwa siku ya pilau. Juu ya mkuyu aliishi Mama Mbega, mwili mweusi, shela nyeupe mabegani, utadhani kila siku anaolewa. Alikuwa na mtoto mchanga, mweupe pe kama pamba, kwa sababu watoto wa mbega huzaliwa weupe. Chini, kwenye shimo la shina, aliishi Perere.

Perere unamjua? Humjui, sema tu, hakuna atakayekuchapa. Ni kamnyama ka mitini, kanene, hakana mkia, kama sungura aliyenyang'anywa masikio. Na kwa udogo wake huo alikuwa anasema Tembo ni mjomba wake, anamwita hivyo hadharani. Tembo alikubali, kwa sababu kukataa kunataka kufikiri, na Tembo alikuwa anafikiri kwa zamu.

Kazi ya Perere ilikuwa wageni. Walitoka mbugani, mbali, kuja kumtazama Mama Mbega: Twiga, Pundamilia, Swala na jamaa zao. Wakija wanaleta magadi ya kulamba, na magadi hayo yanagawiwa kijiji kizima, mkubwa kwa mdogo. Perere ndiye aliyewapokea na kuwapa masharti. Ukifika unakaa chini. Mdomo unafunga. Hutafuni kitu, hunyooshi pembe kuonyesha, na ukisikia chafya inakuja unarudi nayo barabarani. Unakaa hivyo kimya mpaka mwenyewe wa juu aamue kukuonyesha uso. Wapo waliokaa asubuhi nzima wakaonyeshwa makalio, na wakashukuru, wakaenda kusimulia kwao.

Mambo yakawa mazuri mpaka siku Tembo alipotoka bonde la pili na umbea. Alimwambia Nyati kwamba shemeji yake, Kiboko, amekata miti yote shambani kwake, jua linaingia kama nyumbani, na kahawa imezaa hadi matawi yanafagia chini. Tembo mwenyewe hakuiona hiyo kahawa. Aliambiwa na mtu aliyeambiwa. Lakini Nyati kusikia tu kwamba shemeji amemzidi, chakula kikamkwama kooni, na unajua koo la nyati lilivyo pana.

Akaja chini ya mkuyu palepale akatangaza kwamba mti unaangushwa wageni wa safari hii wakishafika na kuondoka. Tembo atausukuma. Aliye juu ashuke, aliye shimoni atoke, na asisikie maneno.

Mama Mbega akashuka hadi tawi la chini, kitu ambacho hafanyi kwa mtu yeyote. Akaeleza kwa adabu kwamba mtoto bado hajajua kung'ang'ania vizuri, kwa hiyo kuruka naye hadi mti mwingine hawezi. Na kupita naye chini, mweupe vile, ni kumwandalia Chui chakula kwenye sahani. Akaomba wasubiri mpaka mtoto abadilike rangi, apate nguvu za mikono.

Nyati akasema hiyo haimhusu, yeye hakuzaa mbega.

"Na wageni watakuja kutazama nini, baba?" Mama Mbega akamuuliza.

Nyati akavuta pumzi, kifua kikajaa. "Watanitazama mimi. Kwani mimi nina kasoro gani?"

Perere alikuwa shimoni anafungasha. Vitu hakuwa navyo, alikuwa anafungasha hasira tu. Aliposikia neno lile akatoa kichwa nje.

"Mzee Nyati, hilo wazo ulikuwa umelificha wapi siku zote?"

"Wazo gani?"

"La kutazamwa wewe. Sisi tunahangaika na huyu mama, nusu manyoya, nusu mifupa, na mtu mwenye pembe kama hizo yupo tu hapa anapalilia. Mjomba, ulishawahi kuona pembe kama hizi?"

Tembo akaziangalia kwa muda mrefu. Akasema ndiyo, ameshaziona, ni za Nyati.

"Umesikia?" Perere akamgeukia Nyati. "Hata mjomba amekosa za kufananisha."

Nyati akainamisha kichwa kidogo ili pembe zipate mwanga. Hapo Perere akajua samaki ameshaingia ndani ya sufuria, bado mfuniko. Akamweleza, pole pole, kama mtu anayemwonea huruma, kwamba kuna tatizo moja dogo. Wageni wanatoka mbugani. Nyati wa chini wanao wengi, wanawakanyaga kila siku na kuombana radhi. Hakuna atakayetembea hadi mlimani na magadi mgongoni kuja kumwona nyati amesimama kwenye majani.

"Tena fikiria Twiga," akasema. "Na shingo ile, tangu azaliwe anatazama kila mtu utosini. Anatoka mbali kote huko, mzee, apate angalau mara moja kuinua macho."

Nyati akautazama mkuyu. Akatazama kwato zake. Akautazama tena mkuyu.

"Unasema nipande."

"Mimi? Sijasema. Nimesema tu kwamba mbega anapanda, na mbega hana hata nusu ya shingo yako."

Tembo, ambaye zamu yake ya kufikiri ilikuwa imefika, akauliza: mti si unaangushwa? Perere akamshika mkonga kama mpwa mwema. Akasema mti utaangushwa, nani amekataa, mzee anatazamwa kwanza, jina linamkaa, kisha kazi inaendelea. Mti unaweza kuanguka, jina halianguki nao. Tembo akaona ni sawa kabisa. Nyati akamuuliza Mama Mbega kama huko juu kuna nafasi.

"Mimi nimeshafukuzwa," Mama Mbega akajibu. "Panda tu."

Sasa kuna mtu hapa ataniambia mwalimu wake amesema nyati hapandi miti. Mwalimu wako alikuwepo? Basi nyamaza.

Siku ya wageni ilipofika, Tembo alikuja mapema. Perere alikuwa ameshamnong'oneza Nyati kwamba si heshima mtu wa kazi kuonekana na wageni akisubiri ujira wake, bora alipwe kabla. Kwa hiyo Nyati akatoa ndizi, lundo zima, na Tembo akazila na maganda yake, na kikapu, akatafuta kama kuna kingine.

Kisha ndiyo wakampandisha. Mkuyu ulikuwa na panda kubwa, pale shina linapogawanyika mara mbili, si juu sana lakini juu vya kutosha kumvunja nyati. Tembo akamkumbatia kwa mkonga tumboni, akavuta pumzi, hiiiii, kichwa cha Nyati kikaingia kwenye panda. Akasukuma kwa paji la uso, tumbo likaingia. Makalio yakagoma. Perere akasema kwa upole kwamba mbega huingia kwanza na makalio, lakini si kitu, kila mtu ana mtindo wake. Tembo akarudi nyuma akayafuata kwa mbio. Puu! Nyati akakaa kwenye panda kama kizibo kwenye chupa, miguu minne inaning'inia, miwili upande huu, miwili upande ule.

Perere akampanda mgongoni, akamtundikia mabegani ndevu nyeupe za miti, zile zinazoning'inia msituni, zikawa shela. Akamkumbusha masharti ya anayetazamwa: hasemi, hatikisiki, hamwiti mgeni kwa jina. Akiongea na wageni wataona ameshazoea watu kupita kiasi, thamani inashuka. Nyati akatikisa kichwa kukubali. Mama Mbega alikuwa tawi la juu yake, amempakata mtoto, anatafuna jani taratibu kama mtu aliye likizo.

Wageni wakafika. Wakakaa, wakafunga midomo. Twiga wa safari hii, mgeni mpya, akainua macho, na kweli, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, shingo ikalia kacha.

"Mlio mbele yenu," Perere akanong'ona, "ni nyati wa mitini."

Pundamilia akanong'ona kuuliza kama wamebaki wengi.

"Mmoja."

"Anakula nini?"

"Anachokifikia."

Swala akauliza kama anaruka kutoka mti hadi mti kama mbega. Perere akafikiri kidogo. "Anaruka," akasema. "Ila mara moja tu maishani."

Wageni wote wakavuta pumzi kwa heshima. Twiga akasogea nyuma kidogo, kwa adabu.

Nyati akasikia raha ya ajabu. Akakodoa macho, akajaribu kuonekana mpweke. Lakini kutazamwa ni kazi ngumu kuliko kulima, haya nakwambia mimi. Unasinzia, unashtuka, bado wanakutazama. Nzi anakaa puani, huruhusiwi kumfukuza. Basi Nyati alipochoka kutazamwa akaanza kutazama yeye. Na kutoka pale juu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaona ng'ambo, bonde la pili, shamba la shemeji yake Kiboko.

Mti hata mmoja hakuna. Jua limeenea kotekote. Mibuni ilikuwa imezaa kweli, imezaa kama ina wazimu, halafu ikachoka, majani yamekuwa manjano, matunda yamekauka meusi yakiwa bado kwenye matawi. Na katikati ya shamba alikuwa Kiboko mwenyewe, kashika jani la mgomba, anakimbia. Anaufunikia mbuni huu kivuli, anaupepea, anaona mwingine unazimia, anaukimbilia, anaupepea, na wa kwanza unazimia tena. Nyuma yake mke wake na jani lake. Nyuma ya mke wake, watoto na majani yao. Ukoo mzima ulikuwa unakimbizana na jua.

Nyati akatazama chini, mibuni yake. Ilikuwa imepoa, kijani, imelowa umande bado, majani ya mkuyu yameoza miguuni mwake na kuwa mbolea ambayo hakuwahi kuibeba mgongoni. Akafungua mdomo. Akakumbuka hasemi. Akaufunga.

Wakati huohuo Tembo alimaliza kutafuta kama kuna ndizi nyingine, akakuta hakuna. Akajifuta mdomo, akasahau kwamba wageni waondoke kwanza, maana zamu yake ya kufikiri ilishapita, akaja, akaweka paji la uso kwenye shina.

Krrr, mkuyu ukasema.

Perere alikaa na wageni, mikono magotini, akifuata masharti yake mwenyewe.

"Tembo," Nyati akanong'ona kutoka juu. "Acha."

"Nimeshakula ndizi zako, mzee."

"Nakusamehe ndizi."

"Mimi sijisamehi. Kwetu hatuli ndizi za mtu tukamwachia kazi yake. Huo ni wizi."

"Lakini mimi niko huku juu."

"Nakuona, mzee. Ndiyo maana nasukuma polepole."

Krrrr. Mzizi mmoja ukachungulia kutoka ardhini. Mtoto mweupe akaserereka kifuani mwa mama yake, mama akamdaka mguu, akamrudisha. Hakuwa anatafuna tena.

Pundamilia akamgusa Perere. "Mbona anaongea?"

"Huongea," Perere akamnong'oneza, "akikaribia kuruka."

Wageni wakakaa vizuri.

Nyati akasahau thamani, akasahau shela, akamwita Perere kwa sauti ya kijiji kizima: afanye kitu, amzuie mjomba wake. Perere akanyanyuka taratibu, akajifuta vumbi. Akasema yeye ni mtu mdogo, hawezi kumzuia Tembo, ila Mringeni kuna desturi na mzee anaijua. Mti uliofungwa fundo la jani kavu la mgomba, mbele ya wageni, na mwenye shamba akatamka kwamba hauangushwi, haugusiki tena. Hata na Tembo. Hata na Tembo aliyekula ndizi. Na likishafungwa, mwenye shamba mwenyewe hana ruhusa ya kulifungua.

Akachomoa jani alilokuwa amelikalia, akamrushia. Nyati akalidaka kwa mdomo. Akajaribu kulifunga kwa kwato, likateleza. Akajaribu kwa pembe, likamfunika jicho. Krrrrr, mkuyu ukalala kidogo upande wa kulia, na Nyati akalala nao. Akainua uso kwa Mama Mbega.

"Mama, nifungie."

"Mimi leo sipo kazini, baba. Kazi yangu umeichukua."

"Nimeirudisha."

"Na nyumba yangu?"

"Nimeirudisha."

"Mtoto wangu akikua akitaka kuleta mke hapa?"

"Amlete. Nitacheza ngoma."

"Sema kwa sauti. Wageni wametoka mbali."

Nyati akajaza kifua, kiasi kilichoweza kujaa kikiwa kimebanwa na panda. "Mti huu hauangushwi," akanguruma, hadi Twiga akapepesa macho. "Si kwa ajili ya kahawa, si kwa ajili ya shemeji. Hauangushwi na mimi wala na wanangu."

Mama Mbega akachukua jani. Sasa, kama unamjua mbega, na humjui, mbega hana kidole gumba. Ana vidole vinne virefu vya kuning'inia tu. Kufunga fundo kwa vidole vile ni kama kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umevaa soksi mikononi. Akazungusha jani kwenye tawi, likafunguka. Krrr. Akazungusha tena, akalishika kwa meno. Nyati jasho linamchuruzika puani, anamwambia mama, taratibu tu mama, usijikate, huku kwato nne zinakanyaga hewa. Mama akapitisha ncha, ncha ikatoka ikaanguka mkononi mwa mtoto, mtoto akaipeleka mdomoni. Mama akamwambia mtoto kwa upole kwamba hiyo si ya kula. Nyati naye akamwambia mtoto hivyohivyo, lakini si kwa upole.

Akapitisha tena. Akavuta. Fundo likakaa.

Tembo akaondoa paji la uso. Akalitazama fundo, akawatazama wageni, akapiga hesabu ndefu. "Basi," akasema, "ndizi zako nitazifanyia kazi nyingine. Nikushushe?"

Nyati akakubali haraka kuliko alivyowahi kukubali jambo lolote. Lakini kumshusha hakukuwa rahisi kama kumpandisha. Tembo alivuta mkia, Perere akasukuma pembe kwa kucha zake ndogo ambazo hazikusaidia chochote, na Nyati akachomoka kwenye panda, poo, akateremka na shela yake akakaa juu ya Tembo, na Tembo akakaa chini. Wageni wakapumua wote kwa pamoja. Wameuona mruko wake wa pekee maishani.

Magadi mengi kama waliyoacha siku hiyo hayakuwahi kuonekana Mringeni. Yakagawiwa kijiji kizima, na Nyati akapata sehemu yake kama kila mtu. Tembo akatumwa bonde la pili na miche ya mikuyu kumpelekea Kiboko, pamoja na salamu za Nyati kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Kiboko hakuweza kuipokea, mikono yote ilikuwa na majani, ikabidi Tembo aipande mwenyewe.

Na Nyati? Aliumwa mbavu, akalala kidogo, akaamka. Jambo la kwanza akaenda kwenye shimo la Perere, akainama, akakohoa kama mtu aliyekuja kuazima jembe.

"Kijana. Wageni walisemaje kunihusu?"

Perere akatoa kichwa nje, akamtazama usoni bila kucheka, na hilo, nakwambia, ndilo lilikuwa gumu kuliko yote aliyofanya siku zile.

"Mzee, walisema hawajawahi kuona kitu kama kile."

Nyati akatabasamu hadi masikioni. Akachukua jembe lake, akaenda kupalilia kahawa yake kivulini, pembe juu, isije ikawa kuna mtu anamtazama.

Nimemaliza, funzo ni hili moja, lichukue uende nalo: mwenye nguvu akipenda sana kusifiwa, mdogo hahitaji nguvu.